Kwa nini ndege za kivita ziko Ngerengere, na si Tanga?

Swali limetoka kwa kijana wa Ngamiani, Tanga:

"Shikamoo mzee. Mwezi uliopita nilitoka Tanga kwa basi hadi Dar es Salaam, nikapanda treni ya umeme kwenda Dodoma. Tulipofika Ngerengere, mama mmoja niliyekaa naye akaninong'oneza kwamba hapo ndipo kambi ya ndege za kivita. Nikabaki na maswali matatu. Kwa nini kambi kama hiyo iwekwe porini, na si kwetu Tanga penye bandari, reli na uwanja wa ndege? Inafanya kazi gani miaka yote ambayo hakuna vita? La tatu ni la nyumbani. Marehemu babu yangu alikuwa mgambo, akachukuliwa vitani mwaka 1978 na kupelekwa Musoma. Alikuwa akisema kwamba aliona ndege zetu zikitunguliwa na askari wetu wenyewe. Wajomba zangu walimcheka, wakasema mzee anachanganya mambo. Je, alisema kweli?"

Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu babu yako. Swali lake nitaliacha mwisho, kwa sababu ndilo zito, na ili umwelewe inabidi kwanza ujue ndege zile zilikuwa zikikaa wapi na kwa nini zilihamishwa.

Jibu la swali la kwanza ni hili: kambi ya ndege za kivita haijengwi pale adui anapotarajiwa kuingilia. Hujengwa nyuma ya hapo, kwa umbali ambao ndege zikiitwa zinafika kabla mambo hayajaharibika, na ambao adui akija ghafla hazikuti zimepangwa uwanjani kama samaki kwenye meza ya mnadani. Tanga ni mlango wa nyumba. Ngerengere ni chumba cha ndani.

Sisi wa Tanga tunayo sababu ya kulielewa hili kuliko watu wengine, maana mji wetu uliwahi kuwa somo lake. Tarehe 2 Novemba 1914, katika Vita Vikuu vya Kwanza, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, meli za Waingereza zilitia nanga mbele ya mji, zikiwa na askari wapatao 8,000 waliotoka India, na usiku ule wakaanza kushuka Ras Kasone, yaani Raskazone hii hii tunayokwenda kupunga upepo. Mjini hapakuwa na jeshi la kutosha kuwakabili. Jeshi lililokuja kupigana nao lilikuwa huko juu, Moshi na pande za Kilimanjaro, na lilishuka kwa reli. Hesabu yao haikuzidi sana watu 1,000, wengi wao askari Waafrika chini ya maofisa wa Kijerumani. Tarehe 5 Novemba Waingereza walirudi melini, wakaacha nyuma mamia ya bunduki, bunduki za rasharasha 16 na risasi 600,000. Habari ya nyuki kila mtoto wa Tanga anaijua, nayo ni kweli, nyuki waliwauma watu wa pande zote mbili. Ila ukiniuliza mimi ni nini kiliamua vita ile, nitakwambia ni reli. Nguvu iliwekwa ndani, na ilikuwa na njia ya kufika pwani upesi. Anayepanga mahali pa kuweka ndege anafuata hesabu hiyo hiyo, tofauti ni kwamba yeye reli yake ni hewa.

Katika vita ile ya Tanga hapakuwa na ndege hata moja, upande wowote. Lakini haikupita hata miezi mingi kabla pwani yetu hii haijaonja ndege za vita, na nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani historia ya ndege za kivita nchini inaanzia kwa Iddi Amin.

Manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, baada ya kuizamisha manowari ya Waingereza Pegasus pale Zanzibar Septemba 1914, ilijificha ndani ya mikono ya mto Rufiji. Kutoka baharini haionekani, mikoko imeifunika, na maji ni machache mno kwa meli kubwa kuifuata. Waingereza wakaleta ndege ya maji, wakaitumia kutoka kisiwa kidogo cha Nyororo. Walipoiteka Mafia, Januari 1915, walifyeka uwanja kisiwani humo na kuweka ndege zao. Kwa hiyo ukitaka kutaja mojawapo ya mahali pa mwanzo katika ardhi ya Tanzania palipofanya kazi ya kambi ya ndege za kivita, taja Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 manowari mbili za maji machache, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikiwa haziioni shabaha yake. Ndege iliyoruka kutoka Mafia ndiyo iliyokuwa macho yao: rubani John Cull anaendesha, mwenzake Arnold anapiga simu ya upepo kuwaeleza wapiga mizinga, mmeanguka mbali, sogezeni kushoto, ongezeni. Ndege ikapigwa, injini ikaanza kufa, nao wakawa wanashuka kuelekea mtoni huku Arnold akiendelea kutuma vipimo mpaka walipoanguka majini. Wote wawili walitoka hai. Königsberg haikutoka.

Nakuomba ukumbuke kipande hicho cha wapiga mizinga wa chini na ndege ya juu kuzungumza. Tutakirudia tukifika Musoma.

Wajerumani nao walijaribu la kwao, na ni kisa cha ajabu. Novemba 1917, jeshi lao lililokuwa limesukumwa kusini mwa nchi likiishiwa na kila kitu, walituma meli ya anga, lile puto refu lenye injini, jina lake L59. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 ikiwa na tani 15 za risasi, dawa na vifaa, ikielekea pande za Mahenge. Haikutakiwa kurudi. Ingefika, ingefumuliwa, na kitambaa chake kingeshonwa mahema na bandeji. Ikiwa juu ya Sudan, magharibi ya Khartoum, ikapata amri kwa simu ya upepo kwamba hali huko iendako imebadilika, igeuze. Ikageuza. Ilikaa angani saa 95 na kusafiri kilomita 6,757 bila kutua. Hebu fikiri: chombo kinachoweza safari kama hiyo kilishindwa kwa sababu huku mwisho wa safari hapakuwa na uwanja wa kukipokea wala mtu wa kukihakikishia kwamba panashukika. Ndege bila kambi ni jiwe lililorushwa juu.

Vita Vikuu vya Pili navipita haraka. Waingereza waliweka ndege za maji Mombasa, na kuanzia 1943 Dar es Salaam pia, kusaka nyambizi katika Bahari ya Hindi. Tanga mchango wake ulikuwa mkonge, kwani Wajapani walipoiteka Ufilipino na Java mwaka 1942, kamba za meli zilitegemea sana mashamba yetu.

Sasa tuje kwenye jeshi letu wenyewe.

Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Serikali haikuwa na nguvu nyingine ya kuwazuia. Tarehe 25 helikopta ziliruka kutoka manowari ya kubeba ndege ya Uingereza, Centaur, iliyokuwa nje kidogo ya pwani, zikawashusha makomando karibu na kambi, na katika muda wa saa chache mambo yakawa yamekwisha. Mwalimu Nyerere aliiona ile kuwa aibu ya taifa, na hakuficha. Nchi iliyopata uhuru miaka miwili tu nyuma ilikuwa imelazimika kuwaita waliokuwa watawala wake. Mimi huwa nasema kambi ya kwanza ya ndege iliyotufundisha kitu ilikuwa inaelea: uwanja wa chuma juu ya maji, unaosogea, wenye mafuta, mafundi na helikopta zake. Waliokuwa wakifikiria jeshi jipya waliona kwa macho yao kwamba mwenye kuruka ndiye anayewahi.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa 1 Septemba 1964, na mkuu wake wa kwanza wa majeshi alikuwa Mrisho Sarakikya. Kikosi cha anga kilitakiwa kisaidiwe na Ujerumani Magharibi. Lakini baada ya Muungano pakazuka ugomvi: Ujerumani Mashariki ilikuwa na ubalozi Zanzibar, na Tanzania ikakubali iwe na ofisi ya konseli Dar es Salaam. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikakasirika, na mwanzoni mwa 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi ghafla. Mwalimu akajibu kwa kukataa na misaada mingine ya serikali hiyo. Kuna watu hadi leo wanaona alipoteza. Mimi naona aliona mbali, kwa sababu jeshi la anga linaloweza kuzimwa na hasira za mtu aliye Ulaya si lako.

Wakaja Wakanada. Wao walifundisha marubani na mafundi hadi 1970, na walileta ndege za kubebea mizigo na askari, Otter na Caribou, ndege zinazoweza kushuka kwenye kiwanja kifupi cha udongo. Kwa nchi yenye barabara chache na mvua za masika, zile zilikuwa ndege za maana sana. Lakini hazikuwa ndege za kupigana. Na wakati huo kusini kwetu Wareno walikuwa wakipigana na FRELIMO nchini Msumbiji, ndege zao zikiwa karibu na mpaka, huku Tanzania ikiwa imewapa wapigania uhuru kambi za Kongwa na Nachingwea. Nchi iliyowakaribisha watu hao ilihitaji mwavuli juu yao. China ikakubali kusaidia, na miaka ya mwanzo ya 1970, wakati wanajenga reli ya TAZARA, Wachina walisaidia pia kujenga kambi ya Ngerengere na kuleta ndege za kivita za jeti pamoja na mafunzo yake.

Kwa nini pale? Chukua ramani, mwanangu, uiweke mezani.

Ngerengere iko kwenye Reli ya Kati, kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na reli hiyo ilifika Morogoro tangu 1907. Ndege za jeti zinakunywa mafuta kwa wingi usioweza kuupeleka kwa lori moja moja kwenye barabara ya miaka ile. Mafuta yanashuka bandarini Dar es Salaam, yanapanda behewa, yanateremka. Mabomu vivyo hivyo, injini vivyo hivyo. Tangu 1963 kipande cha reli kati ya Ruvu na Mnyusi kiliiunganisha Reli ya Kati na reli yetu ya Tanga, kwa hiyo hata mzigo ulioshuka bandari ya Tanga ungeweza kufika pale bila kugusa barabara. Bandari yetu unayoitaja haikusahaulika. Imeunganishwa tu kwa kamba ndefu.

Halafu ardhi. Jeti inahitaji njia ya kurukia ya lami au zege, iliyonyooka, karibu kilomita mbili au zaidi, na pande zote mbili za njia hiyo pawe wazi. Njia ya uwanja wetu wa Tanga kwa miaka mingi imekuwa ya mita 1,200 na ushei, na mji umeusogelea. Ndege ndogo za abiria zinashuka vizuri. Ndege ya kivita yenye mzigo wa mabomu isingeweza.

Na hewa ya bahari. Wewe unaishi Ngamiani, unajua bati jipya linakaa miaka mingapi kabla halijaanza kutoboka. Chumvi hiyo hiyo inakula maungio ya ndege, nyaya, na vifaa vya rada. Fundi wa ndege aliye pwani kila siku anapigana na kutu kabla hajapigana na kitu kingine. Kuna nchi zinaweka kambi zao ufukweni na kulipa gharama hiyo kwa sababu hazina pa kwenda. Sisi tulikuwa na pa kwenda.

Lakini sababu kubwa inabaki ile ya mwanzo, ya muda. Manowari ikisimama nje ya Tanga, mizinga yake inafika mjini. Ndege ikitokea baharini, watu wa ufukweni wanaiona ikiwa tayari juu ya vichwa vyao. Ngerengere iko zaidi ya kilomita 80 kutoka baharini. Mshambuliaji wa kutoka pwani lazima avuke nchi kavu, aonekane, asikike, na dakika hizo chache ndizo zinazomwezesha rubani kukimbilia ndegeni. Upande wa pili, kutoka Ngerengere hadi Tanga kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 200. Jeti inayokwenda kilomita 900 kwa saa inakufikia kwa robo saa. Ukiwa Ngamiani umeanza kupika chai, haijachemka. Dar es Salaam na Morogoro ni karibu zaidi. Kwa maneno mengine, Tanga inalindwa na Ngerengere vizuri kuliko ambavyo ingelindwa na ndege zilizolala Tanga.

Ipo pia hesabu ya watu wanaoishi jirani. Kambi ya ndege ina maghala ya mafuta na silaha, na vitu hivyo havitaki ujirani na nyumba. Februari 16, 2011, maghala ya silaha ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yalilipuka. Yale hayakuwa maghala ya kambi ya ndege, lakini walikufa watu zaidi ya 20, na maelfu walikimbia usiku na kulala uwanja wa taifa. Mji ulikuwa umeyazunguka maghala yaliyowahi kuwa mbali na watu. Kila nikisikia mtu anataka kambi fulani iletwe mjini kwake ili ipendezeshe mji, nakumbuka usiku ule.

Sasa ramani hiyo hiyo inaonyesha pia udhaifu wa Ngerengere, na hapa ndipo njia ya kwenda Musoma inapoanzia. Kambi iliyowekwa kwa ajili ya pwani na kusini iko mbali na Ziwa Victoria. Hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 700. Ndege za kivita za wakati ule, zikiwa na silaha, zilikuwa na uwezo wa kwenda kilomita mia tatu au nne hivi, zipigane na kurudi. Kutoka Ngerengere huwezi kupigana Uganda.

Onyo lilikuja mapema. Septemba 1972, baada ya watu wa Obote, rais wa Uganda aliyepinduliwa na Amin, kushindwa kumwondoa Amin, ndege za Uganda zilipiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mapatano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka huo yalituliza mambo, lakini tangu hapo ikajulikana kwamba ziwani patahitaji uwanja wa mbele, na huo ni Mwanza. Kambi ya nyuma ndiyo nyumbani kwa ndege: zinatengenezwa huko, marubani wanafundishwa huko, vipuri viko huko. Uwanja wa mbele ni mahali pa kujaza mafuta na kuondokea kwenda kazini. Kutoka Mwanza hadi Bukoba ni chini ya kilomita 200, na hadi Entebbe ni chini ya 300. Hapo jeti inafika, inafanya kazi, inarudi.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuteka eneo la Kagera hadi mtoni. Walitaka kuvunja daraja la Kyaka ili tusivuke. Ndege zao zilirudi mara kadhaa na mabomu, daraja likabaki limesimama, mpaka wakamleta mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya Kilembe akalilipua kwa kutega, tarehe 3 Novemba. Nakueleza hili usije ukadhani ndege zinaweza kila kitu. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alikuwa ameshatoa hotuba ile ya uwezo, sababu na nia, na nchi nzima ilianza kusogea kuelekea ziwani: malori, mabasi, mabehewa, mgambo kama babu yako, na ndege.

Vita vile vilikuwa vya watu wa miguu na mizinga. Ndege hazikuviamua. Lakini viwanja vya ndege vilihusika sana. Machi 1979 Libya, iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilituma ndege kubwa ya mabomu aina ya Tu-22 kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza. Ilikosa. Mabomu yaliangukia kisiwa cha Saanane, kwenye hifadhi, wakafa wanyama. Ndege zetu zikajibu kwa kupiga maghala ya mafuta Kampala, Jinja na Tororo. Unaona wote wanatafuta nini? Mafuta. Kisha tarehe 7 Aprili jeshi letu likauteka uwanja wa Entebbe, ambako ndiko ndege za Libya zilikuwa zikishusha askari na silaha. Mlango ule ulipofungwa, Kampala ilianguka baada ya siku nne tu, tarehe 11. (Mambo hugeuka: mwaka 2008 askari wa Tanzania walikwenda Anjouan, Komoro, kwa kazi ya Umoja wa Afrika, na Libya ilikuwa upande wetu, ikisaidia.)

Swali lako la pili, la kazi ya wakati wa amani, lina jibu ambalo si la kusisimua lakini ndilo la kweli. Kazi kubwa ya kambi ya ndege ni kufanya kila siku kile ambacho huenda kisihitajike maisha yote. Rubani asiporuka kwa muda mrefu mikono inasahau, macho yanasahau. Ndege isipokaguliwa inaharibika ikiwa imesimama. Nyuma ya rubani mmoja unayemwona Desemba 9 akipasua anga juu ya Uwanja wa Uhuru wako mafundi wa injini, wa umeme, wa silaha, wapimaji wa hali ya hewa, waongoza ndege mnarani, zimamoto, madaktari, na hata watu wa kufukuza ndege wa mbawa wasiingie kwenye injini. Mbali na hayo, Kamandi ya Jeshi la Anga, ambayo makao yake ni Ukonga, Dar es Salaam, pale watu wanapopaita Eawingi, ina ndege za usafirishaji na helikopta. Nchi yetu ni kubwa. Mafuriko yakikata barabara, helikopta haina haja ya daraja. Moyo wangu huwa uko huko zaidi kuliko kwenye jeti, nakiri.

Kwa hiyo usiione Tanga kama iliyonyimwa. Mkoa wetu una makambi ya JKT, Maramba na Mgambo, yaliyolea vijana wengi. Na kama swali lako lina hamu ya kuvaa sare ndani yake, nahisi hivyo, shika fizikia na hesabu, na usidharau ufundi. Jeshi la anga lina mafundi wengi kuliko marubani. Ukipita tena Ngerengere, simu iwe mfukoni. Kupiga picha maeneo ya jeshi ni kosa kisheria, na mama yule alikuwa na sababu ya kunong'ona.

Sasa babu.

Babu yako alisema kweli. Katika siku za mwanzo za vita, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa Musoma, na waliozitungua walikuwa wapiga mizinga wetu. Imeandikwa, na waandishi waliofuatana na jeshi letu wakati ule waliitaja. Kwa miaka mingi haikuzungumzwa sana barazani kwetu, kwa sababu ni jambo la kuuma, na aliyelisimulia alionekana ama mwongo ama mchochezi. Babu yako hakuwa hata kimoja.

Nataka uelewe pia ilivyowezekana, ili wajomba wasije wakaruka kutoka kusema mzee alidanganya hadi kusema askari wale walikuwa wajinga. Ndege za Amin na ndege zetu zilikuwa za ukoo mmoja. Uganda ilikuwa na MiG za Kirusi, sisi tulikuwa na MiG na zile za Kichina zilizoundwa kwa kufuata MiG. Ukiwa chini, jua machoni, ndege inakuja kwa kasi ya mita mia mbili na kitu kila sekunde, rangi ya bendera mkiani huioni. Unaona pua, unaona mabawa yaliyolala nyuma. Siku zilizotangulia umesikia kwamba ndege za namna hiyo zimepiga mabomu ng'ambo ya ziwa. Umeambiwa usiziache zipite. Una muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu.

Kinachomwokoa rubani mahali kama hapo ni kile nilichokuomba ukikumbuke kule Rufiji: juu na chini kuzungumza. Kambi inapohamisha ndege kutoka nyuma kwenda mbele, kila mzinga ulio njiani lazima uwe umeambiwa: zinakuja ngapi, saa ngapi, upande gani, kimo gani. Arnold mwaka 1915 aliweza kuongea na mizinga mpaka anaanguka majini. Musoma neno hilo halikufika kwa waliolihitaji, au halikufika kwa wakati. Ndiyo maana nakwambia kambi ya ndege ni zaidi ya njia ya lami na mabanda. Nusu yake ni simu.

Nina ombi moja. Kilichoandikwa kuhusu siku ile ni kifupi mno, sentensi mbili tatu, na kimeandikwa na watu ambao hawakuwa wamesimama pale. Kaa na bibi kama yuko, au na yeyote aliyewahi kumsikia babu, uandike yote mnayokumbuka kabla hayajapotea: alikuwa amesimama wapi, ndege zilitokea upande gani wa ziwa, na alisikia nini kwanza, mlio wa ndege au mlio wa mizinga.